Walisimama kwa Ajili Yako

Dar es Salaam,
Jumapili, baada ya misa

Baba mpendwa,

Shikamoo, na Mama naye umpe shikamoo yake. Mguu je, bado unakusumbua ukiendesha baiskeli kwenda mjini? Na hapo Bombambili mmeshapanda? Mimi mwili mzima, ila moyo hauna raha. Kwa hiyo leo nakuomba usimsomee Mama barua kwa sauti kama kawaida yako. Isome kwanza peke yako.

Uliniuliza utafiti wangu unahusu nini hasa. Naangalia wanafunzi wa uongozi wanavyojifunza kwa mchezo wa biashara. Wanagawanywa makundi, kila kundi linakuwa kampuni ya kununua mazao. Tunawapa habari: barabara imekatika, wafanyabiashara binafsi wameruhusiwa, mvua inakaribia. Wanaamua, wanapata faida au wanaanguka, tunaanza upya. Kazi yangu ni kukaa pembeni nione nani anabadilika akishaanguka, na kwa nini.

Mchezo wenyewe niliutunga kutokana na lile ghala la Lusewa, Baba. Sikukuomba ruhusa. Kuna karani wa chama cha msingi cha ushirika anayewaambia wakulima wasiwauzie watu binafsi, wasubiri lori la chama kikuu, mpaka mahindi yananyeshewa na kuoza. Jina lako sikulitaja, nilisema tu kuwa ni kisa cha kweli. Wanafunzi walimcheka karani huyo hadi wakagonga meza. "Huyu mzee alikuwa amelala!" alisema mmoja. Na mimi nilicheka. Nakumbuka vizuri ulivyokuwa hulali siku zile, ulivyopanda mwenyewe juu ya ghala kuziba mabati, na bado nilicheka.

Mwalimu anayenisimamia akapendezwa. "Imelda, huyo karani yuko wapi? Mlete aongee na darasa." Wote wakanigeukia. Nikaogopa watajua ni baba yangu. Nikajibu, "Alishafariki."

Yule kijana aliyesema umelala akainuka. "Basi jamani, tusimame dakika moja tumkumbuke." Wakasimama wote, wameinamisha vichwa, na mimi nikasimama nao. Nilikuwa nakuona pale kibarazani na mafuta yako ya taa na chumvi, mzima wa afya, unabishana na wateja, kumbe mwanao ameshakuzika. Walipotoka walinipa pole mmoja mmoja, maana walidhani nilimfahamu marehemu. Nikazipokea. Naona aibu, Baba.

Kibaya zaidi, tangu siku ile wanaucheza mchezo kwa namna nyingine. Hawacheki tena. Kabla ya kuuza chochote wanaulizana, "Wakulima tumewaahidi nini?" Mwalimu amefurahi, anasema hayo ndiyo matokeo tuliyokuwa tunayatafuta, niyaandike haraka. Lakini si mchezo uliowafunza. Wamefunzwa na msiba wa mtu aliye hai. Nikinyamaza, nitafaulu kwa kifo chako. Nikisema, huenda kazi yote ikakataliwa, nirudi nyumbani mikono mitupu.

Nimeamua kusema. Ni kesho asubuhi, kabla hawajakaa kwenye makundi yao. Barua hii ikikufikia nitakuwa nimeshasema, na sijui watanitazamaje.

Nina ombi, na najua utaguna. Njoo. Tangu tuhame Lusewa hujapenda kulizungumzia lile ghala, hata Mama akianza unamkatiza. Ukikataa nitaelewa. Lakini mimi nimewasimulia mahindi yaliyooza tu. Kwa nini ulikataa kuwageuka wakulima uliowapa neno lako, hilo sikuwaambia, na ni wewe unayeweza kulisema.

Mama umweleze ukishatulia. Nisalimie kaka Festo na shemeji, na shangazi umwambie kitenge chake nimekipokea. Bibi wa Lusewa msalimieni sana, ila haya msimwambie kabisa, atasema nimekuchuria kifo.

Hapa chuoni mgeni akiingia darasani, wanafunzi husimama. Ukija watasimama tena kwa ajili yako, Baba. Safari hii waambie wakae.

Ni mimi binti yako,
Imelda