Inzi Kwenye Mwezi

Baba Zawadi,

Mdogo wako Amisi amerudi kutoka Kabambare na kamera. Nimesema kamera, sikusema kamera yako. Unanijua. Ulikuwa unanicheka kwamba hata nikipewa yai nauliza kwanza jina la kuku. Basi leo niache niulize.

Baada ya arobaini yako aliniomba aichukue, akapige picha za arusi na za komunyo huko Kabambare, isije ikaozea kabatini. Nilikubali kwa shingo upande. Ni shemeji yangu, na mjane akikataa neno la ukoo wa mume wanasema ana kiburi. Lakini wewe ulisema mbele yetu sote, ukiwa bado na sauti, kwamba kamera ni ya Zawadi akimaliza shule. Mimi sijasahau.

Alipoondoka, simu yake ikawa haipatikani. Barabara ni mbaya, nikajisemea, labda hata sauti zinakwama kwenye matope. Halafu mama mmoja muuza vitenge, aliyeshuka na pikipiki kutoka Wamaza, upande huo huo wa Kabambare, akaniambia sokoni: "Kule iko kijana moja, mununuzi wa dhahabu, anatembeaka na kamera ku shingo." Lisemwalo lipo; nikajua Amisi ameiuza. Nilirudi nyumbani bila mboga, Zawadi akala ugali na chumvi na hakuuliza kitu. Huyo ni mtoto wako, hauliziulizi kama mimi.

Sasa Amisi anaingia hapa Kasongo siku ile ile ya kupatwa kwa mwezi. Eti amekuja kwa ajili hiyo. "Yaya alitakaka sana ile foto," anasema, yaani wewe kaka yake, "nitamupigia." Maneno matamu. Nikaangalia mkoba: mpya. Mkanda wa shingoni: mpya, unang'aa. Na pale ubavuni, penye ule mkwaruzo wa siku ulipoanguka na baiskeli, amebandika utepe mweusi. Nikauliza utepe ni wa nini. "Mlango wa betri ulivunjika," akajibu, na akaufunga mkoba haraka. Eti tuitunze betri mpaka jioni. Kikulacho ki nguoni mwako, Baba Zawadi.

Ningefanya nini? Nimwite mdogo wa marehemu mwizi, na kaburi lako bado halijaota majani? Ukoo ungesimama wote, na Zawadi angekosa kamera, akakosa na baba mdogo. Nikapika mihogo, nikanyamaza. Nikiwa pale jikoni ndipo nikamkumbuka inzi wako.

Lile doa lililoingia ndani ya kamera, likakaa kona ya juu, mkono wa kuume, katika kila picha yenye mwanga pale juu. Wateja walipiga kelele: "Ile foto iko na inzi!" Nawe ukawajibu kwamba inzi anajua penye utamu, wakacheka, wakachukua picha yao. Kuna ile arusi ambapo alitua kwenye paji la uso la mama mkwe, na bibi arusi akaomba nakala mbili. Nilicheka hadi nikashika ukuta. Nakukosa, mume wangu. Nakukosa hata pale nilipokuwa nakasirika.

Ila doa lile halionekani penye giza, na Amisi hakuitoa kamera mpaka jua lilipozama. Kilichobaki cheupe angani kilikuwa mwezi peke yake.

Alisimamisha ile miguu mitatu ya kamera uliyoichonga mwenyewe, nyuma ya shule, pale pale uliposimama mwaka ule mwezi ulipopatwa nyuma ya mawingu, ulipopiga picha za mawingu tu na kuniambia kwamba mwezi umo ndani, umevaa nguo. Majirani walikuwa wamejaa. Msikitini walikuwa wameshaanza kuswali. Mwezi ulitokea juu ya michikichi ukiwa umeshamegwa upande, na watu wakasema, umepatwa, umepatwa. Nikafikiri, hata sisi.

Nikamwambia: "Shemeji, kwanza uweke mwezi ku kona ya juu, mukono wa kuume."

Mpiga picha gani anaweka mwezi kwenye kona? Ungeniuliza, tungebishana. Yeye hakuuliza. Alizungusha kamera, akapiga. Kutokuuliza kwake kukanitia shaka zaidi. Mtu asiye na la kuficha angeuliza. Picha ya kwanza haikufika kwenye kona. Ya pili ilipita. Kivuli kilikuwa kinaendelea kula, na mimi nahesabu mwanga uliobaki kama mtu anayeangalia mafuta ya taa yakiisha. Akapiga tena, akaikuza kwenye kioo, akanisogezea.

Alikuwepo. Juu ya kipande cheupe kilichosalia, mdogo, mweusi, amekaa pale pale.

Amisi alisema bila kuniangalia: "Fundi moja wa Bukavu alitaka kusafisha, amutoshe mule ndani. Nikakataa. Nikamwambia, uyu ni inzi wa yaya."

Alijua, Baba Zawadi. Tangu nilipotamka kona, alijua ninachotafuta, na akanitafutia. Wakati huo mwezi ukamezwa wote, ukawa mwekundu kama udongo wa matofali, na mimi nikalia kwa sauti, maana gizani hakuna aliyejua ni nani.

Amepiga picha nyingi za mwezi mwekundu. Nzuri, hata wewe ungekubali. Ndani yake inzi haonekani, kwa kuwa anga ni jeusi, na Zawadi akasema labda ameruka. Nikaweka kidole kwenye kona, nikamwonyesha: yuko hapa.

Kuhusu ule mkanda mpya, bado nina swali. Na utepe nitaubandua siku moja, Amisi akiwa amelala. Usinicheke.

Lala vizuri, mume wangu. Siku Zawadi atakapoivaa kamera hii shingoni, nitakuwa nimesimama karibu, na nakuahidi hakuna fundi atakayeisafisha nikiwa hai.

Mke wako,
Mama Zawadi