Kinda wa Kasuku Kikaoni

Wewe! Uko wapi? Nimejifungia chooni kazini, mbavu sina kwa kucheka!

Si unamjua yule kinda wangu wa kasuku, asiyekula mpaka nimlishe uji kwa bomba la sindano? Leo nimekuja naye kazini, nimemficha kifuani ndani ya mtandio. Ningemwachia nani?

Na si unajua lazima nichezeshe kichwa juu chini, juu chini, ndipo afungue mdomo? Basi katikati ya kikao akaanza kulia njaa. Nikamwinamia, nikachezesha kichwa weee, ili tu anyamaze.

Kumbe muda huohuo bosi anauliza nani atakuja Jumamosi kuhesabu mali ghalani!

"Safi sana! Tena ameitikia kwa moyo wote!"

KWA MOYO WOTE, mwenzangu!!

Nafungua mdomo nijitetee, kinda huyo, kachomoza kichwa shingoni kwangu. Bosi kakodoa macho. Nikajua hapa kazi sina.

Akanyoosha mkono. "Mlete huku. Uji wake uko wapi? Usiwe wa moto tu."

Bosi wetu! Yule ambaye hata salamu anaitikia kama analazimishwa! Kampakata, kashika bomba, kaanza: juu chini, juu chini, tai inaruka, uji umemjaa ndevuni.

Mimi nani niache bahati ipite? Nikauliza kwa sauti, wote wasikie: "Bosi, kwa hiyo Jumamosi nibaki nyumbani?"

Juu chini, juu chini.

Ofisi nzima mashahidi!!