Samaki wa Nehemiah

Matisi, Kitale
Jumapili, baada ya kanisa

Kwa shemeji yangu Mukhisa, Baba Nakhungu,

Nakusalimu sana wewe pamoja na Mama Nakhungu na wote walio hapo bomani Kamukuywa. Natumaini barua hii inawakuta na afya, na kwamba goti la Mama Nakhungu limetulia sasa mvua imepungua. Sisi huku tupo. Nisiandike kwamba tuko salama, maana wewe unanijua na utasema nadanganya. Tunakula kidogo, ng'ombe wanakamuliwa, mahindi yamebeba vizuri. Hayo ndiyo mazuri, na yameisha hapo.

Najua umeshangaa kuona mwandiko wangu. Tangu siku ile niliyowafukuza wewe na wazee kutoka nyumbani kwangu, chai ikiwa bado inatoa moshi kwenye vikombe, sijakupigia simu na wewe hujanipigia. Mlikuja kwa heshima kuniambia kwamba Nehemiah wangu azikwe kwa mgomba, shina livikwe nguo na kulazwa kaburini badala yake, kama tunavyofanya sisi Wabukusu mtu wetu akipotelea mahali na mwili usipatikane. Nikasimama na mwiko mkononi nikawaambia mtoto wangu si ndizi. Nikawaambia kama mna hamu ya matanga, kafieni kwenu. Mzee Wakonyo aliacha kofia yake kwa kiti kwa sababu ya haraka, na mpaka leo iko hapa, nimeifua.

Ningeweza kupiga simu. Lakini kwa simu ningelia tu, na wewe ungefikiria ni mtandao umesumbua, ukate. Tena haya maneno nataka uyasome mbele ya wazee walewale. Na kwa vile wengine hawakuwahi kuingia sebuleni kwangu kabla ya siku ile, acha nianze mwanzo wasije wakasema huyu mama amerukwa na akili kwa sababu ya samaki.

Nehemiah alipomaliza shule alienda Mombasa, akapata kazi kwa mtu mmoja anaitwa Gachanja, ambaye anauza samaki wa rangi, wale wa kutazama, si wa kula. Huko ndiko alikojifunza kuwafuga. Baadaye akapata kazi ya injini kwenye meli ya mizigo, na kabla ya kupanda alikuja likizo hapa nyumbani. Hakuja na sukari wala kitenge kama watoto wa wenzangu. Alishuka kwa basi na majerikeni ya maji ya bahari, gunia la mchanga wa ufuoni aliouchota mwenyewe kwa mikono yake, mawe, na samaki ndani ya mifuko ya plastiki iliyojaa hewa. Nilimwambia, wewe kijana, watu wanatoka Mombasa na vitu vya maana wewe unaniletea maji? Akacheka mpaka akakaa chini. Akamwita fundi wa vioo wakaunda tangi refu ukutani, karibu na cherehani yangu, akaniambia, mama, nitakuwa baharini na wewe utakuwa baharini, tutaonana.

Alinifundisha yote. Maji yakipungua usiongeze ya chumvi, ongeza ya mvua, kwa sababu chumvi haipai hewani na maji. Pampu isimame muda mfupi tu, la sivyo watakosa pumzi. Huku kwetu baridi ni kali, kwa hivyo kile chuma cha kupasha maji kisizimwe kamwe. Majirani wote wa Matisi walikuja kuona bahari. Mama Jeruto wa duka alionja maji kwa kidole akatema mlangoni, akaapa tumeweka chumvi ya jikoni kudanganya watu.

Yaliyofuata unayajua. Simu ilikuja ya watu wa meli, kwamba alianguka majini wakati wa dhoruba, wamemtafuta, wameacha. Wakatuma mkoba wa nguo zake. Mwili hakuna. Ndugu yako Wakoli, baba yake, aliketi chini ya ukuta akalia siku hiyo yote. Mimi sikulia. Niliingia ndani nikalisha samaki, maana saa yao ilikuwa imefika.

Basi hapo ndipo nilipojishikilia. Nilijiambia, aliyewaweka hawa hapa ndiye atakayekuja kuwatoa. Wakiwa hai, yuko hai. Unaweza kucheka, Baba Nakhungu, lakini mtu akizama anashika chochote. Nilikuwa nashona sare za watoto wa shule huku nawatazama, wale wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, yule wa manjano mwenye kiburi, wa buluu wa kujificha, na konokono mmoja mweusi ambaye kazi yake ilikuwa kupanda kioo na kushuka. Mchungaji akija kunifariji namwonyesha samaki. Nyinyi mlipokuja na habari ya mgomba, samaki walikuwa wanaogelea nyuma ya mgongo wangu. Ndiyo maana nilikuwa na nguvu ya kuwafukuza.

Sasa nikwambie kilichotokea. Ilikuwa siku ya soko, nimeenda mjini kununua uzi na vifungo. Mvua ikanyesha, stima ikapotea kama kawaida, halafu ikarudi. Wakoli alikuwa nyuma ya nyumba ananyunyizia ng'ombe dawa ya kupe. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nimemwagiza kwamba stima ikirudi, akachungulie kama pampu inazunguka. Akaacha bomba la dawa, akasuuza mikono kwa maji ya pipa, bila sabuni, akaingia. Akakuta pampu imekwama. Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akailegeza, ikazunguka. Alifurahi, shemeji. Alinipokea mlangoni akanieleza jinsi alivyowaokoa samaki wa mtoto wake, na mimi wakati huo nilikuwa nimeshasikia harufu ya dawa ya ng'ombe ndani ya sebule yangu.

Walikuwa wanaogelea kwa ubavu. Yule wa manjano alikuwa anajigonga kwa kioo kama mlevi anayetafuta mlango. Wakapanda juu wakihema, wakashuka, na kabla sijavua viatu vya matope wa kwanza alikuwa amegeuza tumbo. Nilichota maji kwa sufuria nikiyamwaga nje, nikaweka mengine niliyokuwa nimeyakoroga na ile chumvi ya bahari ambayo Nehemiah aliniachia kwa dharura, nikawashika mmoja mmoja kwa mikono nikiwaita. Haikusaidia kitu. Mpaka jioni wote walikuwa wamelala juu ya maji, isipokuwa konokono.

Hapo nilimwambia ndugu yako neno ambalo mke hawezi kumwambia mume wake kisha akalala naye kitanda kimoja. Nilimwambia ameua mtoto wangu mara ya pili. Unamjua Wakoli, hata ukimkanyaga anakuomba msamaha. Alichukua blanketi akahamia kwenye stoo ya mahindi, na chakula nilichompelekea nilikikuta asubuhi kuku wanakila.

Nilianza kazi ya kufufua tangi. Nilimpigia Gachanja, na mtu huyo, Mungu ambariki, alinielekeza kwa simu kama mwalimu. Toa maji yote. Osha mchanga kwa maji ya mvua, uanike juani. Safisha pampu na kila kitu kilichogusa yale maji. Niliosha mpaka kucha zikaoza. Nikapanga mawe, nikakoroga maji upya, na konokono muda wote huo alikuwa akiningoja kwenye ndoo. Lakini mawe yale yalikuwa na uhai wake, vijidudu ambavyo havionekani, navyo vilikuwa vimekufa ndani kwa ndani vinaoza. Maji yakawa meupe kama maji ya kuoshea mchele. Harufu ilitoka mpaka njiani. Wateja wa nguo wakawa wanapimwa wakiwa nje ya mlango, wameziba pua. Nikamwaga tena, nikaanza tena, yakaharibika tena. Kila nikimwaga, Wakoli alikuwa anatoka kwenye stoo yake, anabeba ndoo, anaenda kuimwaga mbali na mahindi. Na mimi sikumwambia asante.

Wiki iliyopita maji yalikubali. Yalitulia, yakang'aa, unaona ukuta wa nyuma. Nilimtumia Gachanja picha. Akanipigia akifurahi, akasema, mama umeweza, sasa nikutumie samaki kwa basi, wawili wa chungwa, wa manjano, wa buluu, rangi zilezile.

Nikaweka simu mezani nikalitazama tangi. Alidhani simu imekatika, akawa anaita haloo, haloo. Nikamwambia hao hawatakuwa wale. Akasema, lakini mama, wanafanana, hutaona tofauti. Nikamwambia mimi nitaona. Nehemiah hakuwaweka hao. Akija, hatawajua.

Nilipotamka hivyo, akija, nilijisikia mwenyewe nikisema uongo. Niliketi mbele ya yale maji masafi yasiyo na kitu na nikalia kilio ambacho sikulia siku ile ya simu. Mama Jeruto alifunga duka akaja. Alifikiri Wakoli amefariki.

Sasa ngoja nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mchungaji. Siku ile, yule samaki wa mwisho alipogeuka tumbo, kabla sijafungua mdomo kumtukana Wakoli, nilipumzika. Ndiyo, nimeandika hivyo, nilipumzika. Kwa muda mdogo tu mabega yangu yalishuka, kama mtu aliyetua mtungi. Nilikuwa nimechoka, Baba Nakhungu. Nimechoka kuamka kila stima ikipotea nikidhani mwanangu anakosa pumzi. Nimechoka kumshika mtu mzima hewani kwa pampu na uzi wa stima. Halafu nikaogopa sana. Nikajiuliza, mama wa namna gani anapumzika? Hofu hiyo ndiyo iliyomwangukia ndugu yako. Nilipiga kelele ili nisisikie yale yaliyokuwa ndani yangu. Wakoli hajaua mtu. Dawa ilikuwa kwenye mikono yake, lakini ubaya ulikuwa kwenye mdomo wangu.

Nimemwambia hayo jana, nikiwa nimesimama mlangoni pa stoo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza kama nilijua kwamba naye, kila asubuhi, kabla ya kwenda kwa ng'ombe, alikuwa akiwaamkia wale samaki kwa jina la mtoto. Sikujua. Tumekuwa nyumba moja na sikujua. Amerudi ndani, lakini hatuongei sana. Nyumba imekuwa kubwa, na pampu nimeizima, na ule ukimya sijui nitauzoea vipi.

Konokono nimemweka kwenye chupa ya maji yake nikampa dereva wa basi la Mombasa, Gachanja amkute huko na amrudishe baharini. Gachanja amenipigia, amesema konokono amefika na amemwachilia. Angalau mmoja wao amefika.

Kwa hivyo nakujibu sasa lile mlilokuja kuniuliza. Kata mgomba. Waite wazee, panga siku unayoona inafaa, tutakuja. Mzee Wakonyo mwambie kofia yake iko mikononi mwa huyu anayekuletea barua, naye ni ndugu yako mwenyewe, amevaa shati nililompigia pasi mimi. Usimuulize maswali mengi, mpe chai. Amebeba pia gunia la mchanga. Ni ule ambao Nehemiah aliuchota mwenyewe. Nimeuosha, hauna dawa tena. Uutandike chini kaburini kabla ya kumlaza.

Suti ya kumvika nimeanza kuishona, ya kijivu, maana nguo za ule mkoba siwezi kuzitoa. Kuhusu mgomba wenyewe, nakuomba usichukue tu wowote ulio karibu na njia, na usiwaachie vijana waukate kwa haraka. Ndani ya bahasha hii utakuta utepe mweupe wa kushonea. Nimeupima kutoka utosini mpaka kisiginoni. Sikuhitaji kumpima mtu, ninavijua vipimo vyake tangu alipotahiriwa hapo kwako na akaacha kurefuka. Ulaze utepe huo kando ya mgomba kisha ukate palepale unapoishia. Usikate mfupi, shemeji. Mtoto wangu alikuwa mrefu.

Nisalimie Mama Nakhungu, mwambie nitakuja mapema nimsaidie kupika, na mwiko nitauacha nyumbani. Wasalimie watoto wote na majirani wanaoniulizia. Mungu awalinde mpaka tutakapoonana hapo kaburini.

Ni mimi shemeji yako,
Dinah Nabwile,
Mama Nehemiah.