Gobori Lako Halikuwa na Baruti

Baba Nyanzala,

Huku wanasema marehemu hasemwi vibaya. Nimenyamaza tangu masika yale, tumevuna, tumelima tena, na kunyamaza kumenichosha. Leo nakusema vibaya. Kaa usikilize, maana ulipokuwa hai hukuwa na tabia hiyo.

Kwanza nikupe haki yako. Ulikuwa na sababu ya kuogopa. Wewe na Maganga mlikuwa mkiswaga ng'ombe kutoka Choma hadi mnadani Tabora, kila mmoja na fimbo yake na kibuyu cha maji, na mlirudi mkicheka. Safari ile, mkiwa bado njiani kwenda mnadani, mlikuwa mmekaribia nyumbani, Maganga ametangulia na kundi, wewe umebaki nyuma na ndama mchovu. Wanyang'anyi wakakutokea kwenye msitu wa miyombo. Walikuvunja meno na mguu, wakakuacha kama mzoga. Maganga ndiye aliyerudi kukutafuta. Aliwaacha ng'ombe wajiendee watakako, akakubeba mgongoni hadi hapa Ntalikwa. Nilimwona anaingia uani amelowa damu yako, nikadhani yeye ndiye aliyeumia.

Ulipopata nafuu ukaenda boma, kwa yule mzungu wa serikali, Bwana Shauri, ukarudi na kibali na gobori. Na kweli, njiani hawakukugusa tena. Hilo sikunyimi. Labda walikuogopa, labda walihamia kwingine, mimi sijui. Wewe ulijifanya unajua. "Unaona?" ulisema. "Mwenye bunduki halali na hofu."

Mbona basi hofu yako ilizidi? Ulikwenda nalo kisimani. Ulikwenda nalo kwenye pombe. Padri alipokuomba uliache nje ya kanisa, ukakaa nje nalo, ukasikiliza misa kupitia mlangoni. Wageni wakaanza kupiga hodi wakiwa mbali, kule kwenye mihogo, wasije wakakushtua. Mama yangu alikuja mara moja tu. Akala, akaaga, akaninong'oneza, "Mwanangu, kwako sasa kama boma." Hakurudi.

Halafu ng'ombe wako wakaingia kwenye karanga za Maganga.

Zamani mngetukanana mpaka majirani watoke kutazama, kisha jioni ningewakuta mnachangia kibuyu kimoja. Safari hii Maganga alikuja uani na mkewe, analalamika, kama ilivyo haki yake, nawe ukalichukua gobori ukaliweka mapajani. Ukamwambia mbele ya mkewe na mbele yangu, "Hebu sema tena." Hukupaza sauti. Yule aliyekubeba mgongoni akakutazama, akalitazama gobori, akageuka akaenda zake. Wewe ukaniangalia ukitabasamu na lile pengo lako. Nilikuchukia pale pale, mume wangu. Sikuwa nimewahi kukuchukia.

Tangu siku ile Maganga akawa anakwenda shambani na upinde. Mkewe, Mama Kulwa, aliniambia kisimani, "Mwenzangu, mume wangu halali. Anasema Yakobo atamuua." Nikakuletea maneno hayo nikidhani yatakuumiza. Ukafurahi! Ukasema, "Acha aogope. Anayeniogopa hawezi kunidhuru." Na huku mimi na wewe tulijua baruti ilikuwa imekwisha tangu Kwaresima, na mjini haikupatikana. Ulinikataza nisimwambie mtu. "Wasiojua wataogopa vile vile," ulisema.

Padri akakusema. Sijui alikuambia nini, ila ulirudi umeinamisha kichwa, na asubuhi yake ukamkamata yule kuku mweupe ukamfunga miguu. Ulikuwa unakwenda kumwomba Maganga radhi. Nilifurahi hata nikakupigia pasi shati. Kisha nikaona unalitundika gobori begani.

"Liache ndani, Baba Nyanzala."

"Niende mikono mitupu kwa mtu mwenye upinde?"

Hilo ndilo neno la mwisho uliloniambia ukiwa mzima. Lichunguze vizuri huko uliko, unayo nafasi.

Yaliyofuata nimeyasikia barazani kutoka kinywani mwa Maganga, na hakujitetea kwa uongo. Alisema alikuwa anapalilia. Akakuona unatokea kwenye kichuguu kilicho mpakani mwa mashamba yetu, kuku hakumwona. Ukasimama. Ulitaka kumwamkia kwa kupiga makofi kama wazee wetu walivyotufundisha, na mtu hapigi makofi na silaha begani, basi ukalishusha ulilaze chini. Yeye aliona kitu kimoja tu: gobori linashuka kutoka begani. Mshale ukakuingia shingoni. Alipokufikia ndipo akamkuta kuku anahangaika kwenye majani.

Alikubeba tena. Njia ile ile, mgongo ule ule. Nilikusikia kabla sijakuona, pumzi inakoroma. Ulitaka kumwambia neno. Maganga akainamisha sikio, ukasema, "Halina baruti." Mara mbili ukasema. Ukafa uani kwetu, na yeye akaomboleza mpaka askari walipokuja kumchukua, na hata wao walimvuta taratibu.

Jaji alikuja Tabora. Mkalimani akaniuliza, "Marehemu alikuwa mtu wa kutisha?" Ndugu zako wote walikuwa wananitazama. Nikasema, "Ndiyo. Alikuwa ametutisha sote, na alifanya kusudi." Ndugu yako Simoni akatema mate chini, akaniita mchawi wa mume wangu. Nilidhani neno langu litamwokoa Maganga. Halikumwokoa. Walimnyonga. Mama Kulwa hakupewa hata maiti azike.

Unataka kujua mambo mengine? Simoni alikwenda boma akalipata gobori lako kwa kibali chake mwenyewe. Baruti sasa ipo, tena nyingi. Anasimulia kwenye pombe kwamba ungekuwa umelishindilia, ungekuwa hai leo. Wanaume wanaitikia kwa vichwa. Wana wa Maganga wamesikia hayo, nao wamepata gobori lao, sijui wapi. Njia ya kisimani imegawanyika: wa kwetu huku, wa kwao kule. Nyanzala hazungumzi tena na Kulwa, nilimuuliza kwa nini, akajibu, "Baba mdogo amesema tutauana." Alisema hivyo kama anavyosema mvua itanyesha.

Simoni alitaka pia kunirithi. Nilimwambia amekwisha kurithi alichokitaka.

Siku nyingine nakukumbuka ulivyokuwa kabla: ulivyowaita ng'ombe kwa majina, ulivyonichumia matunda ya furu porini ukaniletea kwenye kofia. Halafu naona lile tabasamu lenye pengo, na moyo unafunga. Usinidai machozi. Uliyapata yote siku ya maziko.

Sasa nikuage. Mama Kulwa ni mgonjwa, kifua, na wanawe wamekataza mtu yeyote wa kwetu avuke kichuguu. Mkubwa anakaa pale amelishika gobori kutwa nzima, kijana wa watu, macho mekundu kama yalivyokuwa yako. Simoni ameniambia nisiende. Nilipokataa, akaniambia basi anisindikize na silaha. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Nakuahidi hivi. Kesho jua likipanda nitakwenda na kapu la unga kichwani, nimelishika kwa mikono yote miwili, ionekane. Nitapita njia ya katikati, ile ya zamani, wanayoiogopa wote. Nikifika kwenye kichuguu nitamwita yule kijana kwa jina lake, nimwambie mimi ni mama yake mdogo na nimekuja kumpikia mama yake uji.

Akinipiga, tutaonana kabla jua halijatua, nawe utanifundisha nilikosea wapi. Asiponipiga, basi baki huko na jibu hilo, Yakobo, ulale nalo.

Mimi mkeo,
Agnesi