Korongo Waliopita Handeni

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Marahaba. Mama yako hajambo, ila goti langu bado linanisumbua.

Unauliza kama korongo unaowatazama huko kisiwani Kupro hufika kwetu. Hufika. Mwaka tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, baba aliwaona wakizunguka angani. Akasema, “Mvua hiyo,” akapanda mbegu zote kwenye udongo mkavu, kama babu zake walivyofanya. Korongo wakapita zao. Mvua haikunyesha. Miezi iliyofuata siisimulii, ila mdogo wangu Zuberi tulimzika kabla ya masika.

Baba aliwalaani ndege wale hadi kufa kwake. Mimi sikuwalaani, maana hawakutuahidi kitu.

Lakini wakianza kuondoka huko, nipigie simu siku hiyohiyo, wala usiniulize kwa nini.

Bibi yako