Kitambaa Ndani ya Mpira wa Rejeta

Shoga, yamenikuta!

Unaijua ile pikipiki ya kaka, ya mashindano ya porini? Wiki nzima injini inachemka. Kabadilisha maji ya rejeta, kabadilisha feni, wapi!

Leo fundi kafungua mpira unaopeleka maji kwenye injini. Kavuta kitambaa. Kitambaa, shoga! Kimesokotwa, kimesukumwa ndani kabisa.

Fundi akasema polepole, "Hiki hakikuingia chenyewe. Injini ingekwama mteremkoni, tungekuwa tunazika."

Hakikuingia chenyewe!!

Kaka akanigeukia. "Ufunguo wa stoo ya pikipiki, zaidi yangu anao nani?"

Nikakimbilia chumbani kukuandikia. Anao mume wangu tu.

Na sasa hivi mume wangu kasimama mlangoni, ananiuliza naandikiana na nani.