Mbuzi Wanaingia Bila Kutajwa

Shikamoo kaka Njiku,

Tangu Jumatatu ya wiki iliyopita mwanangu Hango amepoteza shule, na aliyempotezea ni wewe. Nimelitanguliza hili ili usije ukasoma nusu ukaikunja barua. Sasa nakusalimu. Mguu wa Mama unaendeleaje tangu atolewe hogo la plasta? Mvua imewafikia huko Mgori, au bado mnatazama mawingu? Mimi hapa Lubumbashi ni mzima wa mwili. Kibanda changu cha chakula kipo palepale kwenye maegesho ya malori. Nilianza na sufuria mbili, sasa ni tisa, na hakuna aliyenishika mkono. Nasema hivyo ujue sikuandikii kuomba sukari.

Habari nilizipata kwa bahati. Nilimpigia Mama Jumanne asubuhi nikamuuliza kama Hango ameshakwenda shule.

"Yuko na mbuzi."

"Leo si Jumanne?"

"Kaka yako amesema mtoto ameiva."

"Ameiva nini, Mama, ni ndizi?"

Mama akacheka kidogo. Nikakupigia wewe. Ukasema, "Monika, wewe mwenyewe ndiye uliyemfundisha mbuzi. Mtoto amekataa kalamu, amekubali mbuzi. Sasa unalia nini?" Ukakata, na tangu hapo hupokei. Ndiyo maana naandika. Barua nimempa dereva wa lori, mtu wa kwetu, akukabidhi mkononi.

Kaka, yule mtaalamu wa hospitali pale Singida mjini unamkumbuka, tulikwenda wote nilipokuja nyumbani, kofia yako ukaiweka mapajani. Alisema Hango si mjeuri wala hajarogwa. Akili yake inashindwa kutulia kwenye jambo moja, na mwili unatangulia kabla hajafikiri. Akasema mazoezi yawe mafupi, ya kila siku, kwa kitu anachokipenda. Kadi za picha tulizopewa, Hango alizitumbukiza chooni siku ileile. Mama ndiye aliyepata wazo la zizi. Jioni mbuzi wanaingia mmoja mmoja, Hango amesimama mlangoni na ufito unaokinga njia, hauinui mpaka amtaje anayeingia na aliyemtangulia. Akikurupuka, anaanza upya. Tulianza na mbuzi wawili, tena kwa kilio. Kufika Pasaka alikuwa anashika watano kwa mpangilio, na kusubiri anasubiri. Robo saa, basi.

Lakini mtaalamu alisema na neno la pili, na hilo uliliacha hospitali. Alisema kuwajua mbuzi hakutamsaidia kitu kama tutaishia kwa mbuzi. Zoezi lihamie polepole kwenye daftari. Hicho ndicho mwalimu wake alichokuwa anafanya. Alimkalisha mbele, anampa agizo moja, akilimaliza anampa jingine, na kila mistari mitatu anamruhusu asimame anyooshe miguu. Mwezi uliopita alinakili ubao mzima bila kutoka darasani. Ubao mzima, kaka, mtoto aliyekuwa hafiki mwisho wa jina lake.

Wewe ukaona anawajua mbuzi wote kwa rangi, ukapiga hesabu kwamba mchungaji amepatikana. Hesabu hiyo ni mbovu. Robo saa mlangoni, Mama akiwa pembeni, si sawa na kutwa nzima peke yake upande wa msituni. Siku ya tatu tu ikapita pikipiki, akaifuata, mbuzi wakaingia kwenye alizeti ya jirani. Ukamchapa. Umemchapa kwa ugonjwa uleule tuliompeleka nao hospitali. Sasa Mama anasema jioni Hango hataki kusimama mlangoni. Anakaa nyuma ya jiko, mbuzi wanaingia bila kutajwa. Mchezo aliokuwa anaukimbilia umekuwa kazi, na kazi imekuwa fimbo. Shule umemnyima, na zoezi nalo umeliua.

Juzi Mama alimpa Hango simu. Sikusikia zile kelele zake. Akaniuliza taratibu, "Mama, mwalimu amemkalisha nani kwenye dawati langu?" Nikamwambia hakuna, linakungoja. Sijui kama ni kweli. Nilitoka nikasimama nyuma ya malori na mwiko mkononi mpaka wali ukaungua. Wateja walipouona uso wangu wakaula vilevile na moshi wake.

Ningekuja mwenyewe. Hati yangu ya kusafiria iko ofisini inasubiri muhuri, na bila hiyo sivuki mpaka. Kumleta huku nilishajaribu, nawe unajua, wiki ya pili akakimbilia nyuma ya lori linalorudi kinyumenyume. Hana pengine pa kukaa ila hapo kwako. Ndiyo maana nakubembeleza huku nimekasirika. Sina njia nyingine.

Tafuta mchungaji mtu mzima, ujira wake nitatuma mimi, wewe usitoe kitu. Jumatatu mpeleke Hango shule mwenyewe, usimtume. Nimeongea na mwalimu, atampokea, ila amesema wiki moja zaidi ikipita dawati la mbele atapewa mwingine anayelihitaji. Jioni mwombe Mama aanze tena na mbuzi wawili. Wewe fimbo iweke ndani, kaa karibu, uwataje mbuzi kwa makosa. Mwite mweusi mwekundu. Hango anapenda sana kumsahihisha mtu mzima, atakuja mlangoni bila kuitwa.

Mpe Mama shikamoo yangu. Msalimie wifi, mama Neema, anayemfulia Hango sare bila kuambiwa. Mwambie asiikunje, aiache msumarini mtoto aione. Baba mdogo, aliyetulea baada ya Baba kufariki, mwambie namkumbuka. Na jirani wa alizeti mpe pole, nitaongea naye.

Dereva anasema Alhamisi atakuwa Singida, kwa hiyo una siku za kutosha kufikiri. Jumapili saa kumi na mbili na nusu jioni, mbuzi wakishaingia, nitakupigia. Pokea. Sitaki habari za mvua wala za mifugo. Jumatatu Hango atakuwa darasani, au hatakuwa? Nijibu ndiyo au hapana.

Mdogo wako,
Monika